Uzamivu: Pesa za Kuanza Zapatikana, za Kumaliza Je?



Mwezi uliopita safari ilinifikisha Molo, kule juu kaunti ya Nakuru. Sisi tuliozaliwa kwenye joto la bahari, Molo hututia adabu. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni. Wengi wetu mji huu twaujua kwa mbatata tu. Viazi karai tunavyonunua jioni, na ukwaju wake, mbatata zake nyingi zimeteremka kutoka nyanda hizo: Molo, Njoro, Mau na ng'ambo kule Nyandarua.

Nilikwenda kumtazama binti wa ndugu yangu. Anasomea shahada ya uzamivu, ile ambayo wengi tunaiita PhD, na utafiti wake ni wa mbegu za mbatata. Wakulima wengi hupanda mbatata walizojiwekea wenyewe au walizonunua sokoni, na mbegu za namna hiyo hubeba ugonjwa wa mnyauko kutoka shamba moja hadi jingine. Yeye anatafuta njia ya mkulima mdogo kupata mbegu safi bila kufilisika. Chuo alichosajiliwa si cha upande ule, na jina lake silitaji.

Nilimkuta yuko mwaka wa 5. Ufadhili wake ulikuwa wa miaka 3. Siku hizi anafundisha vipindi vya kibarua mahali pawili ili alipe kodi ya nyumba, na tasnifu anaiandika usiku akiwa amechoka.

Nikamuuliza lile swali ambalo kila mtu wa nyumbani humuuliza: "Mwanangu, utamaliza lini?"

Akacheka kidogo, kisha akasema: "Ami, pesa za kuanza nilipata. Za kumaliza ndizo sina."

Mimi nimeishia diploma, na nilidhani uzamivu ni kama masomo mengine: ukiwa na akili na ukilipiwa karo, muda ukifika wavaa joho. Siku mbili za Molo zilinifunza kwamba sivyo. Na kwa kuwa vijana wetu wa Pwani wanaoingia masomo haya wanaongezeka, nimeona nieleze nilivyoelewa: wapi muda hupotea, ni ufadhili wa aina gani husaidia mtu kumaliza kwa wakati, na sisi tunaochanga pesa tufanye nini.

Miaka 3 huenda wapi?

Nchini Kenya uzamivu hupangiwa angalau miaka 3. Kwenye karatasi inatosha. Lakini tazama hatua zenyewe. Kwanza mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara, halafu mbele ya kitivo. Kisha hutafuta idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwa kuwa bila leseni hiyo haruhusiwi kuanza utafiti. Baadaye huenda uwandani kukusanya takwimu, kuzichambua na kuandika sura moja baada ya nyingine. Kwa kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, hutakiwa pia awe amechapisha makala 2 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Mwisho tasnifu hupelekwa kwa watahini, akiwemo wa kutoka nje ya chuo, wakaisoma, wakaandika ripoti, ndipo mwanafunzi aitwe kujitetea. Akishajitetea hurudi kurekebisha yale aliyoambiwa.

Kila hatua ina mtu mwingine anayesubiriwa. Mwanafunzi anaweza kuandika sura kwa wiki 6, msimamizi akakaa nayo miezi 4. Wala si lazima awe mtu mbaya. Huenda anafundisha mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, ana kazi za utawala na wanafunzi wengine wa uzamivu. Na mwanafunzi wetu hana ubavu wa kumwambia mwalimu wake, "Mwalimu, nirudishie karatasi zangu."

Utafiti wa kilimo una jambo jingine, na hili nililielewa pale shambani Molo. Mbatata hupandwa kwa msimu wa mvua na hukaa ardhini miezi 3 hadi 4. Mtafiti anahitaji angalau misimu miwili ili matokeo yake yaaminike. Sasa chukulia pesa za utafiti zimepangwa kutoka Februari, kabla ya mvua za masika, zikaja Mei. Kwa mhasibu huo ni ucheleweshaji wa miezi 3. Kwa mtafiti msimu mzima umekwenda, na itambidi asubiri mvua nyingine. Binti yetu alipoteza msimu mmoja namna hiyo. Jamaa nyumbani tukasema amezubaa.

Ongeza na misukosuko ya vyuo vyetu vya umma: migomo ya wahadhiri ya 2017 na 2018, kisha kufungwa kwa vyuo Machi 2020 kwa sababu ya korona. Muda wa ufadhili aghalabu hausimami mgomo unapoanza. Saa ya mfadhili inaendelea kuhesabu.

Hapo ndipo penye kitendawili. Pesa nyingi hutolewa mwanzoni, wakati mwanafunzi ana nguvu na karo ndiyo inayoonekana kubwa. Zinapokwisha, mwishoni mwa mwaka wa 3, yeye ameshatumia gharama kubwa zote: shamba limelimwa, maabara imelipwa, takwimu zi mkononi. Kilichobaki ni kukaa chini na kuandika. Na kazi hiyo ya kuandika, ambayo haihitaji mashine wala gari, ndiyo inayomshinda, kwa sababu inataka kitu kimoja tu ambacho hana: muda usiokatizwa na njaa.

Ufadhili wa kumalizia ni nini?

Ufadhili wa aina hii haumlipii mtu kuanza. Humngoja afike karibu na mwisho, kisha humpa posho ya muda mfupi, tuseme miezi 6 au mwaka, ili aache vibarua na aandike. Masharti yake huwa wazi: takwimu ziwe zimeshakusanywa, baadhi ya sura ziwe zimeandikwa, pawe na ratiba ya kila mwezi, na msimamizi atie saini kwamba kazi inaweza kumalizika katika muda huo. Posho hutoka kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka kazi ya awamu ya kwanza ionekane.

Mtu anaweza kusema masharti haya ni ya kumbana mwanafunzi. Kwa kiasi ni kweli. Lakini sharti zuri hubana pande mbili. Ratiba ikisema sura ya 4 itakabidhiwa Machi, iseme pia msimamizi atairudisha Aprili. Ratiba inayomtaja mwanafunzi peke yake ni nusu ratiba.

Jambo hili limejaribiwa kwingine, tena kwa pesa nyingi. Mwaka 1991 wakfu wa Mellon nchini Marekani ulianza mpango wa miaka 10 katika vyuo vikuu 10 vikubwa, kwa wanafunzi wa uzamivu wa fasihi, historia na masomo ya jamii. Zilitumika zaidi ya dola milioni 80. Wakfu huo haukumpa kila mwanafunzi bahasha yake. Ulizipa idara, kwa sharti kwamba zirekebishe mambo yao: zieleze wazi mwanafunzi awe amefika wapi kila mwaka, zimsimamie karibu zaidi, na posho ya mwaka wa kuandika wapewe wale waliokwenda na ratiba.

Matokeo yake yalichapishwa katika kitabu mwaka 2010. Wanaoacha njiani walipungua kidogo, na muda wa kumaliza ukapungua kidogo. Kidogo, si sana. Funzo lake ni kwamba pesa peke yake haimalizi tasnifu. Ushauri mzuri na matarajio yaliyo wazi yalikuwa na uzito wake. Hata maneno ya msimamizi yalihesabika: wanafunzi waliohimizwa wamalize mapema walimaliza mapema kuliko walioachwa wakiing'arisha tasnifu bila mwisho.

Uingereza nayo ilishika upande wa pili wa kamba. Miaka ya 1980 baraza linalofadhili utafiti wa masomo ya jamii lilianza kuangalia ni wanafunzi wangapi wanawasilisha tasnifu ndani ya miaka 4. Chuo kilichokuwa na idadi ndogo mno kilinyimwa nafasi za ufadhili. Ghafla wakuu wa idara wakaanza kuuliza sura ya fulani iko wapi. Afrika Kusini nako serikali hukihesabia chuo ruzuku kwa kila mwanafunzi wa uzamivu anayehitimu, kwa hivyo chuo chenyewe kina sababu ya kutaka amalize.

Hapa kwetu pia kuna mifano. Ule muungano wa mafunzo ya utafiti wa afya uitwao CARTA, ulioanzishwa 2008 na kuongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwachukua wahadhiri na watafiti wachanga wa vyuo wanachama, vikiwemo Nairobi, Moi, Makerere na Dar es Salaam. Posho wanapata, lakini jambo kubwa ni semina 4 za pamoja zilizopangwa kufuata safari yenyewe ya uzamivu. Ya kwanza humsaidia mwanafunzi kuliweka sawa wazo lake. Ya pili ni ya mbinu na zana za utafiti. Ya tatu ni ya uchambuzi na uandishi. Ya nne humtazamisha mbele, baada ya shahada. Mtu anayejua kwamba semina ya uandishi inakuja na wenzake watafika na takwimu zao, naye hujitahidi asifike mikono mitupu.

Na tukirudi jirani na Molo, ukipita njia ya Njoro na Elburgon utakuwa umepita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu kamili 1987. Hapo kipo kimojawapo cha vituo 24 vya ubora vya Afrika Mashariki na Kusini vilivyoanzishwa 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kazi yake ni kilimo endelevu na biashara ya kilimo. Vituo hivyo havikupewa pesa zote kwa mkupuo. Pesa zilifungamanishwa na matokeo: wanafunzi waliosajiliwa, makala zilizochapishwa, programu zilizopata ithibati. Ni utaratibu mzuri, maana chuo nacho kinawajibika. Lakini mtoaji na awe mwangalifu anachokihesabu. Ukihesabu wanaoingia, utapata wengi wanaoingia. Ukitaka wanaotoka, hesabu wanaotoka.

Haraka nayo ina baraka zake?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kuna watu watauliza: je, tukihimiza kumaliza kwa wakati, hatutapata madaktari wa chapuchapu?

Hofu hiyo ina msingi. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilitoa shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, na nchi nzima ikashtuka. Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akaagiza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ichunguze. Moja ya maswali makubwa lilikuwa hili: kila msimamizi alikuwa na wanafunzi wangapi? Kanuni za tume zinaweka kikomo cha wanafunzi 3 wa uzamivu kwa msimamizi mmoja kwa mwaka, kwa kuwa huwezi kusoma kwa makini tasnifu 10 huku ukifundisha.

Kwangu mimi kisa hicho kinafunza jambo moja. Kumaliza kwa wakati si sawa na kupunguza kazi. Ukipunguza kazi unapata karatasi. Lililo sawa ni kupunguza kungoja: kungoja pesa, kungoja saini, kungoja sura irudi, kungoja mtahini. Mbatata ya miezi 4 ukiichimba kwa miezi 2 utapata punje za mawe. Lakini ikishakomaa, ukiiacha ardhini miezi mingine 6, itaoza. Na hakuna anayesifu ukulima wa namna hiyo.

Tena uzee wa tasnifu una hasara yake. Takwimu za mbegu alizokusanya binti yetu zilikuwa za bei na magonjwa ya miaka ile. Kila mwaka unaopita, mkulima wa Molo anaendelea kupanda mbegu yenye mnyauko huku jibu limelala ndani ya kompyuta ya mtu asiye na muda wa kuliandika.

Sisi wa Pwani tufanye nini?

Tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote vilivyopata hati mwaka 2013. Vyataka wahadhiri wenye uzamivu, na wengi wa vijana wetu waliomo humo wanafundisha huku wakisoma. Twalalamika kwamba nafasi za juu zachukuliwa na watu wa mbali. Lakini kijana wetu akifika mwaka wa 4, twamwacha peke yake.

Angalia desturi yetu. Mtoto akipata nafasi ya chuo, jamaa hukusanyika, dua ikasomwa, mchango ukapitishwa, karo ya mwaka wa kwanza ikapatikana. Basari za kaunti na za CDF nazo huangalia karo. Hili ni jema, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaotoa. Lakini sijaona mchango ulioitishwa kwa ajili ya mtu aliyebakiza sura 2. Mambo anayohitaji si makubwa: kodi ya nyumba ya miezi 6, chakula, intaneti, nauli ya kwenda kwa msimamizi, ada ya mtihani wa tasnifu na gharama ya kuchapa nakala. Ukilinganisha na zilizokwisha kutumika miaka 4 ya nyuma, ni fungu dogo linaloliokoa fungu kubwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nina mapendekezo 3.

La kwanza ni kwa wenye mali na kamati zetu. Waqf si jambo geni Pwani. Kuna nyumba na mashamba ambayo kodi zake zinahudumia misikiti na madrasa tangu enzi za babu zetu. Hakuna kizuizi cha mtu kuweka waqf wa kumalizia masomo, hata kama ni kodi ya chumba kimoja cha duka. Wala asione haya kuweka masharti ya ratiba na ripoti, kwa kuwa katika mafunzo ya fiqhi sharti la mtoa waqf hufuatwa. Mwenye kufaidika akimaliza, anayefuata anaingia.

La pili ni kwa vyuo vyetu. Vitangaze, kila mwaka na kwa idara, wangapi walianza uzamivu, wangapi wamemaliza na kwa miaka mingapi. Vimpunguzie vipindi mhadhiri aliye mwaka wa mwisho wa uzamivu wake, walau muhula mmoja. Hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

La tatu ni kwa vijana wenyewe. Kabla hujatia saini ufadhili wowote, uliza: je, unalipa miezi ya kuandika, au waishia uwandani? Mgomo ukitokea muda unaongezwa? Pesa za utafiti hutoka mwezi gani, na mwezi huo unakubaliana na msimu wa kazi yako? Na msimamizi wako ana wanafunzi wangapi wengine? Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko kiasi cha posho kilichoandikwa juu ya barua.

Siku ya kuondoka Molo tuliketi mimi na binti yetu na daftari. Tukaandika kilichobaki: sura 2, makala 1 iliyorudishwa kwa marekebisho, ada ya mtihani. Pembeni mwa kila kimoja tukaandika gharama yake na wiki zake. Tulipojumlisha, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii tu, ami?" Nikampigia simu ndugu yangu palepale. Tumekubaliana jamaa watano tutachanga kwa miezi 6, naye ataacha kibarua kimoja kati ya viwili na kutuletea taarifa kila mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo ukiwa na kijana nyumbani kwako aliye katika masomo haya, acha kumuuliza atamaliza lini. Swali hilo ameshalisikia mara nyingi, na halimsaidii. Muulize amebakiza nini, na kinagharimu kiasi gani. Halafu kaa naye na daftari.